Uso wa Kukisiwa

Mwanzoni hakuna aliyejua ni nani aliyekuwa akipika wali ule. Nyumba ilifungwa kwa kufuli asubuhi, Kahindi akienda ofisini kwake bandarini, na mkewe Priscah akienda Biashara Street kwenye duka anakouza leso. Binti yao Ketty alikuwa shule ya bweni. Jioni walipofungua mlango wao wa orofa ya tatu, pale Tononoka, walikuta sufuria jikoni, wali wa nazi ungali moto. Kila mmoja alidhani mwenzake alipitia nyumbani mchana. Wakala. Haukuwa na chumvi hata kidogo.

"Leo tena umesahau chumvi, Mama Ketty," Kahindi alisema siku ya pili.

Priscah akaacha kutafuna. "Mimi nilidhani umepika wewe."

"Mimi? Hata chai huniungulia."

Wote wawili wakaigeukia sufuria.

Wali ulianza wiki ile walipoitundika sebuleni picha ya Sidi, mama yake Kahindi, aliyekaa nao miezi ya mwisho ya ugonjwa wake. Alipofariki ilihitajika picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza. Kahindi aliipekua simu yake. Ilijaa picha za vyakula, za mechi, za wenzake kazini wakicheka. Mama alikuwa katika moja tu, ya harusi, nyuma kabisa ya watu, akipita na sinia, kichwa chake hakizidi punje ya mahindi.

Mahira, mwenye studio ya picha Mji wa Kale, aliitazama kwa muda.

"Ndugu yangu, nukta za picha hapa ni chache mno. Nikiichapa kwa ukubwa wake halisi haitazidi kidole gumba. Ukitaka ya fremu, kompyuta ndiyo itakayojaza palipopungua, na itajaza kwa kukisia. Haimjui mama yako. Huna nyingine?"

"Nyingine ziko kijijini," Kahindi alisema, maana aliona haya kusema hana. "Jaza tu."

Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea uso wa mwanamke mwenye macho ya upole na ngozi nyororo.

"Ndiye?" Mahira aliuliza.

Kahindi akamtafuta mama akilini, asimpate. Jambo hili si la ajabu kama linavyosikika. Wengi wetu tumekula mezani na watu miaka mingi bila kuwatazama. Lakini aliogopa Mahira asije akajua hilo.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mama."

Matangani jamaa waliotoka Kaloleni waliitikia vivyo hivyo, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwanza.

Siku chache baada ya wali wa kwanza, Mwikali, jirani wa orofa ya chini, alimsimamisha Priscah ngazini. "Huyo mgeni wenu mpole, lakini anakuna nazi kila adhuhuri. Mwambie atandike mkeka, dada, dari yangu inatetemeka."

"Mgeni yupi?" Priscah aliuliza polepole.

Jumamosi Kahindi alibaki nyumbani peke yake. Mchana, jua likiwaka dirishani, nyumba ikajaa harufu ya wino mbichi iliyochanganyika na tui, na kutoka jikoni ukaanza mkwaruzo wa mbuzi ya kukunia nazi, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka. Hakwenda jikoni. Aliisogelea picha, kwa kuwa picha yoyote ukiikaribia sana huvunjika ikawa madoadoa, naye alitaka kuyaona madoadoa hayo ili roho yake itulie. Lakini kadiri alivyosogea ndivyo uso ulivyozidi kuwa wazi, akaona vinyweleo, akaona jasho juu ya mdomo, akaona unyevu wa jicho, na ndani ya mboni akaiona sebule yake, kochi na pazia na yeye mwenyewe amenyoosha shingo, na nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia kisogoni, mtu aliyebeba sinia, na hapo ndipo alipotambua kwamba mkwaruzo ulikuwa umekoma.

Kahindi alipomsimulia, Priscah alimleta Mwanakuu, mteja wake wa leso, mama wa Mji wa Kale anayejulikana kwa mambo ya majini. Alifika baada ya alasiri. Aliuonja wali kwa ncha ya kidole, akautema kwenye kitambaa.

"Hawa chumvi hawaigusi," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nambieni. Nani aloiita sura hii mama?"

Priscah akamtupia mumewe jicho.

"Jini kaona sura haina mwenyewe, kaambiwa karibu, kaingia. Simlaumu sana. Nauliza nani alomkaribisha."

"Mimi," Kahindi alisema. "Lakini watu wote walikubali kuwa ndiye."

Mwanakuu akamgeukia Priscah. "Nawe, mwanangu? Weye uliyekuwa ukimwosha?"

Priscah aliinamisha kichwa. "Mama alikuwa na kovu juu ya nyusi. Na jicho moja dogo kuliko jingine. Huyu simjui. Tangu siku ya kwanza simjui."

"Mbona hukuniambia?" Kahindi alinong'ona.

"Ulikwisha sema ndiye, Baba Ketty. Mimi ni mke wa mwana. Nikuambie humjui mama yako, mbele ya ndugu zako?"

Kahindi alitaka kuuliza kovu lilikuwa nyusi ya upande gani. Akaona haya.

Iliamuliwa picha ishushwe na yule yule aliyeipa jina, aliondoe jina hilo kwa mdomo wake, kisha aipeleke kwa miguu hadi uani kwa Mwanakuu ikachomwe, bila kuitua njiani.

"Akitoka, na uso huu atautwaa," Mwanakuu alimwonya. "Utabaki na ule wa simuni, mdogo kama kidole gumba."

Kahindi akapanda kiti. "Wewe si mama," aliiambia. "Mama yangu sikumtazama."

Fremu ile nyepesi ilimwangukia mikononi na uzito wa mtu mgonjwa, na joto lake. Priscah akainuka kumsaidia. Mwanakuu akamshika mkono.

"Mwache. Ni wake huyo."

Kahindi akaikumbatia, akaanza kuzishuka zile ngazi ambazo mama alizishuka kila siku ya kliniki akiegemea bega la Priscah, huku yeye akiwasubiri chini, garini, injini ikinguruma. Kila ngazi pumzi ilimgusa shingoni. Hakuitua.