Maksai Waliokataa Kupita

Kila likizo Bathsheba alimsaidia mama yake, Nyamoita, kuvuta magogo. Majirani wao wengi huko Gesima walitegemea majani chai, lakini wao walikuwa na maksai wawili, Doa na Mrefu. Mtu akikata mikaratusi mahali lori lisipofika, alimwita Nyamoita. Bathsheba alitangulia akiwaongoza maksai kwa kamba, naye mama alifuata nyuma akichunga mnyororo na gogo.

Jumapili moja walikuwa na kazi mlimani, katika shamba la mzee Ombati. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Sabato ilipoisha jana yake jioni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, hata migomba ya karibu haikuonekana.

"Nenda uikague njia mpaka barabarani," mama alisema huku akiwafunga maksai nira. "Baada ya mvua kama hii, ardhi haiaminiki."

Bathsheba alishuka peke yake. Hakuna ndege aliyelia. Alipofika kwenye kona, alisikia mtu akiguna. Sauti ilikuwa nzito na ya polepole, kama ya mgonjwa anayegeuka kitandani.

"Nani?" aliuliza.

Hakujibiwa. Kisha sauti ikaguna tena, safari hii kutoka chini ya miguu yake.

Bathsheba alikimbia. Alipokaribia shambani alisimama, akapumua, akajipangusa uso. Wiki iliyopita binamu yake Thadeus alikuwa amemcheka mbele ya watoto wengine kwa kuogopa chura. Hakutaka kuchekwa tena.

"Njia ikoje?" mama aliuliza.

"Ni nzuri, Mama."

"Umefika barabarani?"

"Nimefika."

Wakaanza safari. Gogo liliteleza juu ya matope, mnyororo ukilia. Walipofika karibu na ile kona, Doa alisimama ghafla. Mrefu naye akasimama. Masikio yao yalielekea mbele, na macho yao yalitazama kitu ambacho Bathsheba hakukiona. Mbele yao kulikuwa na weupe mtupu. Harufu ya udongo mbichi ilimjia puani, kama ya kaburi lililochimbwa hivi punde.

"Vuta kamba!" mama aliita kutoka nyuma.

Bathsheba alivuta. Doa alitikisa kichwa, akapiga kwato, akarudi nyuma.

"Leo wana nini hawa? Njia si umeiona mwenyewe?" Mama alimchapa Doa kwa fimbo. Ng'ombe yule alitetemeka mwili mzima, kisha akapiga hatua moja mbele. Alimwamini mama. Na mama alikuwa amemwamini Bathsheba.

Sauti ile ikaguna tena.

"Mama, acha!" Bathsheba alilia. "Sikufika barabarani! Nilisikia sauti hapa nikatoroka. Nimekudanganya!"

Mama alitupa fimbo. Haraka alifungua mnyororo, gogo likaachana na nira, akawarudisha maksai juu. Kisha akachukua ufito mrefu akaenda mbele taratibu, akiichoma njia kila alipotaka kukanyaga. Ghafla ule ufito ukazama kama kwenye uji. Mama akaruka nyuma.

Mkaratusi mmoja uliokuwa kando ya njia uliguna kwa mara ya mwisho, mizizi yake ikikatika. Wakauona ukiinama polepole, ukazama ndani ya ukungu pamoja na kipande kizima cha njia. Kimya kikafuata. Ndipo kishindo kikasikika, mbali sana, kule bondeni.

Waliziba njia kwa matawi, wakampigia simu mzee Ombati awaonye majirani. Gogo lilibaki pale, na maksai walirudishwa nyumbani kwa njia ya juu. Bathsheba alitembea akilia.

"Mama, niliogopa," alisema.

"Hata mimi nimeogopa," mama alijibu, mkono wake ukiwa juu ya shingo ya Doa. "Kuogopa si kosa, Bathsheba. Ungeniambia umeogopa, ningekushika mkono tukaenda kuangalia pamoja. Lakini uliniambia njia ni nzuri, nikamchapa mnyama aliyekuwa akituokoa. Ukweli wako ungekuaibisha kidogo tu. Uongo wako ungetuzika sote. Siku nyingine niambie ulichokiona, na usichokiona pia."

"Nitakuambia, Mama," Bathsheba alisema, na kamba akaishika kwa mikono miwili.