Jembe Lililochimba Kaburi la Huseni

Zakia wa Mtanda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, si mtu wa kutembeatembea. Siku ile alikubali kwa sababu tu wifi yake, Somoe, alimng'ang'ania.

"Wifi, eda imekwisha bado umejifungia tu. Twende Mchinga ukaone masanamu ya chuma, angalau ucheke."

Wakabeba mihogo ya kukaanga na chupa ya maji, wakaenda.

"Shikamoo, mzee," walisalimu walipofika.

"Marahaba, wanangu. Karibuni, tembeeni," alisema Mzee Salumu, mhunzi, huku akiacha mvukuto wake.

Nyuma ya kibanda chake ilikuwapo bustani ya masanamu aliyoyaunga kwa vyuma chakavu: korongo wa nondo, pweza wa minyororo, beberu mwenye pembe za spana. Somoe alicheka mpaka akashika mbavu. Zakia naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe, Huseni.

Kisha akamwona mwanamume wa chuma, amekaa peke yake mwisho wa bustani, bega moja limeshuka. Huseni alikuwa na bega hilohilo. Kifuani lilipachikwa jembe lililomeguka pembeni, na pengo lile Zakia alilijua vizuri. Lilikuwa jembe la nyumbani kwake, lililochimba kaburi la Huseni.

Kwao, jembe likitoka makaburini huoshwa kwa maji kabla ya kufanya kazi nyingine, ili marehemu apoe. Zakia hakuliosha. Kwa uchungu hakutaka hata kuliona; alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu likiwa bado na udongo. Na Huseni, maskini, alikufa akiomba maji. Daktari alikataza, Zakia akatii.

"Huyo sikumkusudia," Mzee Salumu alinong'ona. "Nilikuwa natengeneza geti. Kila nikigonga, chuma kinapinda hivyo." Akarudi nyuma hatua moja. "Na hapoi. Tangu nimtoe motoni, hapoi."

Zakia akamgusa. Palikuwa kivulini. Alikuwa wa moto.

Akafungua chupa. Akamimina maji kinywani mwa sanamu. Hayakumwagika. Hata tone. Yaliingia yote.

"Nisamehe, mume wangu, baba Jafari," akalia. "Waliniambia nisikupe."

Kifua cha chuma kikashuka, taratibu. Akamgusa tena. Baridi.

"Wifi, twende," Somoe alinong'ona, akimvuta mkono. "Twende sasa hivi."

Alasiri Zakia alifungua mlango wake mwenyewe, kufuli likiwa vilevile alivyoliacha. Kikombe cha Huseni, ambacho hakuna aliyekigusa tangu apelekwe hospitali, hakikuwa rafuni. Kilikuwa sakafuni, kando ya mtungi. Kilikuwa kitupu, na kimelowa. Ukingoni palikuwa na alama ya midomo, nyekundu ya kutu.

Hakukisugua. Alikaa chini akalia, kisha akakijaza tena.