Taa ya Kijani ya Baba

Siku za kufanyia kazi nyumbani, Baba alivaa shati la ofisini juu na kaptura ya kulalia chini, akaiwasha kompyuta kwa mbwembwe kama waziri. Chai haijapoa, yeye yuko kwa kinyozi anabishana kuhusu mpira.

Baba alikuwa karani wa idara ya maji. Taarifa za mabomba yaliyopasuka zilimfikia yeye, naye ndiye aliyewatuma mafundi. Kwenye kompyuta, taa ndogo ya kijani ilionyesha kwamba yuko kazini. Kazi ya kuilinda taa hiyo alimpa binti yake, Chiriku, aliyekuwa likizoni.

"Kitikise kipanya, mama, taa isizime. Wakiuliza, andika: Nipo, nashughulikia."

"Na kama ni kazi kweli, Baba?"

"Kazi haina miguu. Haitakimbia."

Asubuhi hiyo ukaingia ujumbe wa mkuu wake: "Bomba limepasuka nyuma ya kituo cha afya. Wodi ya wazazi haina maji. Umeona?"

Chiriku akaandika alivyofundishwa.

"Ahsante. Nakutegemea," mkuu akajibu.

Chiriku akausoma tena ule ujumbe wa kwanza. Mama yake alikuwa mkunga katika wodi hiyohiyo! Akatoka mbio hadi kwa kinyozi. Baba alikuwa na povu shavu moja.

"Baba, kwa kina Mama hakuna maji!"

"Mama yako ana ndoo. Ngoja nimalizwe kidevu."

Wanaume wakacheka. Chiriku akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza akamwona mdogo. Akarudi nyumbani, akampigia mkuu simu.

"Shikamoo. Ule ujumbe niliuandika mimi. Baba hayupo, yuko kwa kinyozi."

Mkuu akajibu: "Marahaba, mwanangu. Nawatuma mafundi mwenyewe, sasa hivi."

Mama alirudi jioni, viatu vimelowa. Maji yalikuwa yamerudi, na mtoto aliyezaliwa kabla hayajarudi alikuwa salama.

"Binti yako kaniaibisha!" Baba alilalamika. "Sasa nitakwenda ofisini kila siku!"

"Aibu ni yako. Yeye kaitaja tu," Mama alisema. "Nimezalisha mtu huku nikinawa kwa maji ya kunywa ya wagonjwa, na wewe unapambwa kidevu!"

Akamgeukia Chiriku. "Nawe usijione malaika. Uongo ule uliandikwa kwa vidole vyako. Mkubwa akikutuma uongo, mkatalie kwa adabu, hata akiwa baba yako. Lakini ulipoona madhara ulisema kweli, na hilo limetuokoa."

"Kwani kufanyia kazi nyumbani ni vibaya, Mama?"

"Hata kidogo. Yuko mwenzake baba yako anayefanyia kazi nyumbani huku akimuuguza mama yake, na hakuna bomba linalomsubiri. Mtu hufanya kazi hata asipoangaliwa. Anayehitaji kuchungwa ni mbuzi, na mbuzi hapewi kompyuta."