Mchi Haupashi Bega

Du! Du! Du!

Mlio huo ulisikika kijijini Kakese kabla hapajapambazuka, na majirani hawakuhitaji kuuliza ni nani. Mwanga ulipotoka ndipo Nyanzala alipoonekana nyuma ya nyumba yao, kanga kiunoni, ameshika mchi uliomzidi kimo. Aliupandisha na kuushusha ndani ya kinu kana kwamba hauna uzito, na mpunga ukavua maganda yake.

"Binti yangu ana mikono ya mchi," mama yake alipenda kuwaambia majirani. "Huo mpira wa wavu kwake ni kuchezea puto."

Nyanzala alikuwa darasa la sita, na maneno hayo aliyaamini kuliko somo lolote. Tena hakuwa peke yake. Karibu kila msichana wa Kakese aliamini kwamba aliyetwanga asubuhi hana haja ya kupasha misuli jioni. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimchosha Mwalimu Romana, kocha wao, kuliko jua la mchana.

"Nyie wasichana!" alipiga kelele jioni moja, filimbi ikining'inia shingoni. "Nimesema mkimbie kuzunguka uwanja. Mbona mnatembea kama mnakwenda harusini? Angela, acha kuimba! Na wewe Nyanzala, uliyekalia mpira, ndiwe mgeni rasmi?"

Wenzake wakacheka. Nyanzala hakuinuka.

"Mwalimu, mimi nimeshapasha. Nimetwanga tangu alfajiri."

"Alfajiri! Sasa ni saa kumi jioni. Chai uliyochemsha alfajiri bado ina moto?"

Nyanzala hakukimbia. Kando ya uwanja, nahodha wao Faith alikuwa amefunga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo ya wavu, anaivuta taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Faith, unapasha misuli au unakamua ng'ombe?" Nyanzala akamtania.

"Ng'ombe ni wenu, bega ni langu," Faith akajibu bila kugeuka.

Mwalimu Romana akashusha pumzi ndefu. Angefanya nini? Nyanzala ndiye aliyekuwa mpigaji wao mkubwa. Mechi na wasichana wa shule ya Kawajense ilikuwa inakaribia, na kocha wa timu ya mkoa alikuwa ameahidi kuja kutazama. Nyanzala alikuwa na ndoto moja tu: kuchaguliwa na kocha huyo.

Mchezo wa mazoezi ulipoanza jioni hiyo, aliruka kwa mpira wa kwanza, mwili ukiwa baridi, akapiga smashi kwa nguvu zake zote. Mpira ulitua ndani. Lakini ndani ya bega lake la kulia kitu kilivutika, kikauma kama kimechomwa.

"Vipi?" Faith akauliza alipomwona amejishika.

"Niko fiti."

Hakuwa fiti. Kesho yake alitwanga kwa mkono wa kushoto. Mama alipouliza, akasema amelalia bega vibaya. Mwalimu alipouliza, akasema ni uchovu. Akaendelea kupiga mpira na kuuma meno, na kila jioni bega lilizidi kuwa zito. Akashindwa kujisuka. Akashindwa hata kuanika nguo kwenye kamba. Bado alisema yuko fiti, maana aliogopa kuachwa nje ya timu.

Uongo huo ulivunjika darasani. Mwalimu Romana aliuliza swali la hesabu, na Nyanzala, ambaye hupenda kujibu kuliko wote, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Tangu lini unajibu kwa kushoto? Nyoosha wa kulia."

Nyanzala akajaribu. Mkono ulifika usawa wa sikio, ukagoma. Akakunja uso, machozi yakamlenga.

"Inauma tangu lini?" Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu wiki iliyopita, Mwalimu."

"Wiki iliyopita! Na kila jioni nakuuliza, unaniambia uko fiti! Nyanzala, mimi nina macho mawili tu, na hakuna hata moja lililo ndani ya bega lako!"

Mchana huohuo akampeleka zahanati. Tabibu alimpima, akamwinua mkono mbele, pembeni na nyuma. Akasema misuli inayoshikilia bega imevutika, na imezidi kuumia kwa sababu haikupumzishwa. Nyanzala asipige smashi, wala asishike mchi, mpaka bega lipone. Maumivu yakipungua, aanze mazoezi mepesi, hatua kwa hatua.

Kesho yake asubuhi mama yake alifika shuleni akitweta.

"Mwalimu, mmeniharibia mtoto! Miaka yote anatwanga, mchi haujawahi kumuumiza. Huu mpira wenu ndio umemuumiza!"

"Mama Nyanzala, karibu ukae."

"Sikai!"

"Basi nisikilize hivyohivyo ukiwa umesimama. Huyu mtoto nimemwambia apashe misuli mpaka koo limenikauka. Kila siku ananijibu, nimetwanga, nimetwanga! Nikuulize. Mume wako, Mzee Ngusa, akiwatoa maksai zizini asubuhi, huwafunga plau na kuwapeleka mbio kwenye udongo mgumu?"

Mama akamtazama kana kwamba ameulizwa swali la kitoto. "Nani afanye hivyo? Si watajivunja! Anawatembeza kwanza, kisha anaanza na udongo laini."

"Na ng'ombe aliyelima jana, leo hatembezwi?"

"Anatembezwa. Jana ni jana."

Mama alikuwa amejijibu mwenyewe. Akamgeukia binti yake, ambaye alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Kwa hiyo tumekuwa tukiwatunza ng'ombe kuliko wewe?"

"Mayu, mimi ndiye niliyekataa," Nyanzala akamwambia mama yake. "Na lile la kulalia bega vibaya lilikuwa uongo."

Mama akavuta kiti, akakaa.

Mwalimu Romana akasimama, akaonyesha kwa mkono wake. Mchi, alisema, hupanda na kushuka mbele ya mwili. Smashi huupeleka mkono juu, nyuma ya kichwa, kisha huurusha mbele kwa kasi. Ni njia nyingine kabisa, na bega lazima liandaliwe kwa njia hiyo. Tena aliyetwanga tangu alfajiri huja uwanjani na mabega yaliyochoka. Yeye ndiye anayehitaji kupasha misuli taratibu kuliko wenzake.

Tangu siku hiyo baba yake Nyanzala akawa anapeleka mpunga mashineni kwa baiskeli, akinung'unika njia nzima. Nyanzala alipumzika. Maumivu yalipopungua, akaanza kuzungusha mabega, kusukuma ukuta, kisha kuvuta tyubu ileile aliyoicheka. Zoezi hilo lilimkera kwa wepesi wake. Mara kadhaa alitaka kuitupa, na kila mara Faith alimwambia, "Vuta, dada. Ng'ombe bado ana maziwa."

Siku ya mechi ikafika kabla bega halijapona vizuri. Uwanja wa Kawajense ulifurika. Kocha wa mkoa alikuwa amekaa chini ya turubai. Kakese walishinda seti moja, Kawajense wakashinda nyingine, na katika seti ya mwisho mpigaji mmoja wa Kakese akateguka kifundo cha mguu.

"Nyanzala! Nyanzala!" wanafunzi wa Kakese wakaita.

Mwalimu Romana akageukia benchi. "Bega vipi?"

Nyanzala akainuka. Alimwona yule kocha anamtazama. Akanyanyua mkono; ukapita sikio, ukafika juu. Moyo ukamruka. Akaupeleka nyuma ya kichwa, na maumivu yakamng'ata palepale pa zamani. Neno "fiti" lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Bado, Mwalimu. Juu linafika, nyuma linakataa."

Mwalimu Romana akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Mpashe misuli Angela. Anaingia."

Nyanzala akamshika Angela mkono, wakaenda nyuma ya benchi.

"Mimi niko tayari, bwana," Angela akalalamika.

"Hujawa tayari! Kimbia! Mbona unatembea kama unakwenda harusini? Haya, zungusha mabega. Vuta tyubu. Taratibu!"

Angela akaingia akiwa amelowa jasho. Ulikuwa mpambano mkali, kila mpira ukipiganiwa, hadi smashi ya Angela ilipotua kwenye kona ambayo hakuna mkono ulioifikia. Kakese wakashinda.

Katikati ya vigelegele, Mwalimu Romana akamwita Nyanzala pembeni.

"Yule kocha ameniuliza kuhusu wewe. Atakuja Kakese muhula ujao. Sasa nisikilize. Nguvu unazo, hilo hakuna anayebisha. Lakini nguvu isiyoandaliwa humuumiza mwenyewe, na maumivu yanayofichwa hukua. Leo hukupiga mpira hata mmoja, ila umesema kweli palipokuwa pagumu kuisema. Kwa hilo umeiokoa timu, na umeliokoa bega lako."

"Asante, Mwalimu."

"Asante haitoshi. Mimi nimechoka kupiga kelele. Sema utafanya nini, na useme kwa sauti, Angela naye asikie."

Nyanzala akaweka mkono wa kushoto juu ya bega lake la kulia.

"Mwalimu Romana, naahidi mbele yako: hata nikitwanga gunia zima, sitagusa mpira kabla sijapasha misuli. Na bega likiuma, nitakwambia siku hiyohiyo!"