Alhamisi Tatu za Ubani

Ilikuwa saa kumi jioni, na giza lilishaingia Walthamstow, London. Wauzaji wa sokoni walikuwa wakikunja maturubai yao. Miska alinunua mkaa wa kufukizia kwenye duka la kona, akapanda ngazi hadi fleti ya dada yake.

Ulikuwa mwezi wa Disemba, 2003. Dada huyo, Ummukulthum, na mumewe, Hafidh, walikuwa Savannah, mji wa kale wa pwani, kusini mwa Marekani, kwa likizo ya wiki tatu. Siku ya kuondoka Ummukulthum alimkabidhi mdogo wake ufunguo na chetezo cha marehemu mama yao.

“Kila Alhamisi, magharibi ikiingia, nifukizie ubani chumbani. Nyumba isije ikavunda. Na ukiingia utaje jina lako.”

“Nimtajie nani, dada? Boiler la maji moto?”

Walicheka wote wawili.

Miska hakuuliza zaidi. Kwao Pemba ubani wa Alhamisi hauulizwi. Mama yao aliufukiza Wete, akaufukiza London mpaka alipofariki. Tena Miska alikuwa na haya. Mimba nne zilimharibikia dada yake. Yeye alikuwa na ya miezi sita, ya kwanza katika miaka saba ya ndoa, na kila alipokwenda kwa Ummukulthum alivaa koti pana.

Alhamisi ya kwanza hakuona kitu. Ya pili chumba kilinukia marashi, na yeye hakunyunyiza marashi.

Hii ilikuwa ya tatu.

“Ni mimi, Miska,” alisema mlangoni. Akawasha mkaa, akatia ubani.

Moshi haukupanda.

Ulikwenda kando, taratibu, kama mtu aliyeitwa. Ukafika tumboni pake. Ukabaki hapo.

Kwiii... Kitanda kililia. Godoro likabonyea ukingoni.

“Umechelewa leo,” sauti ilinong’ona. Sauti ya kiume, ya upole, yenye lafudhi ya kwao.

Kitandani hapakuwa na mtu.

Simu ya ukumbini ikalia. Miska akaikimbilia.

“Umeshafukiza?” Alikuwa Ummukulthum. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka.

“Dada, kuna mtu chumbani.”

“Jina umetaja?”

“Nimetaja. Nani huyu?”

Ilisikika pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

“Huku watu wanapanda basi kwenda kuonyeshwa nyumba zenye mizimu, Miska. Wanapiga picha, wanacheka. Na mimi nimecheka nao. Usiku wa kuamkia leo nimelala na mume wangu bila kukabwa koo. Mara ya kwanza tangu niolewe.”

“Nakuuliza, nani huyu?”

“Alinipenda tangu nina miaka kumi na minne. Hataki mume, hataki mtoto. Mganga alisema hatoki bure. Atahamia kwa ndugu wa damu yangu, akikaribishwa mara tatu kwa mkono wa ndugu huyo mwenyewe.”

“Unajua nina mimba.”

“Najua.”

“Dada!”

“Wewe bado kijana, mdogo wangu,” alisema Ummukulthum kwa sauti ya chini. “Utapata nyingine.”

Simu ikakatika.

Miska alirudi chumbani na jagi la maji, akalimwaga lote ndani ya chetezo. Mkaa ulizima. Moshi uliendelea kutoka. Aliacha mlango wazi, akashuka ngazi huku ameshika ukuta.

Kituo cha treni kilikuwa kimejaa watu wanaotoka kazini. Alipata kiti karibu na mlango. Behewa likajaa, watu wakasimama, wakashikilia vyuma, mifuko ya manunuzi ikigusa magoti yake. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekikalia.

Mama mmoja wa Kizungu aliingia akihema. Akageuka ili akae hapo. Akasita. Akakitazama kiti kama mtu anavyomtazama mwenziwe usoni.

“Oh, sorry,” alikiomba radhi, akasogea mbele.

Harufu ya marashi ikapanda.

Milango ikafungwa. Miska aliingiza mkono ndani ya koti, akauweka tumboni. Mtoto huyu alikuwa mchezaji. Jioni zote, saa kama hiyo, alimpiga mateke. Miska akangoja teke.

Wakapita kituo cha Blackhorse Road.

Wakapita Tottenham Hale.

Alikuwa bado anangoja.