Chai ya Ua la Kastabani

Jua lilipochomoza tarehe 24 Juni, 1967, wanawake wa kijiji cha Dolna Sliva walikuwa tayari mlimani, sketi zao zimelowa umande hadi magotini. Ilikuwa Enyovden, siku ya kuchuma dawa. Walichuma wakiimba. Tangu zamani iliaminika kwamba jani lililochumwa siku hiyo, kabla umande haujakauka, lina nguvu kuliko la siku nyingine yoyote, na kwamba mitishamba ya Enyovden hutibu magonjwa sabini na saba na nusu. Ile nusu ni ugonjwa usiojulikana jina.

Nedelka, mmoja wa wanawake hao, hakuzisahau asubuhi zile, hata alipohamia mjini na kununua mnanaa wa pakiti. Enzi hizo kila dari ya kijiji ilinukia majani yaliyoanikwa, na nyimbo za mlimani zilisikika hadi kisimani. Leo nyumba nyingi za kule zimefungwa.

Mwaka ule haja yake ilikuwa moja: moyo wa Mincho, mumewe. Tangu majira ya baridi alihema kila alipopanda ngazi, na miguu ilivimba. Tsveta, tabibu wa zahanati, alimpeleka kwa daktari mjini, akapewa vidonge vidogo. Uvimbe ukapungua. Katika mazungumzo, Tsveta alimweleza Nedelka kwamba dawa ile hutokana na ua la kastabani, lile lenye umbo la kikofia anachovaa mshonaji kidoleni. Liliota kwa wingi nyuma ya kanisa.

Nedelka akapiga hesabu yake. Kama kidonge kidogo kuliko dengu kimemfaa hivi, kikombe kizima kitamfaaje? Tena cha majani ya Enyovden? Alichuma fungu zima, akalianika darini. Majani yalipokauka, akaanza kumchemshia mumewe kila asubuhi, na vidonge akaendelea kumpa.

Hazikupita siku nyingi, Mincho akaikataa banitsa, mkate wa jibini ambao hakuwahi kuukataa maishani. Akatapika. Akasema ni joto. Kesho yake akalisukuma bakuli la mtindi.

“Bibie, humu umetia nini? Mbona wa njano?”

“Mweupe kama theluji. Macho yako ndiyo yamechakaa.”

“Basi na wewe umechakaa. Umekuwa wa njano vilevile.”

Alicheka, lakini alipotaka kusimama, alianguka. Nedelka akakimbilia zahanati.

Tsveta aliushika mkono wa Mincho huku akitazama saa. Mapigo yalikuwa machache, na mengine yaliruka. Akauliza mgonjwa amekunywa nini. Nedelka akataja mnanaa. Tsveta akauliza tena, taratibu, na safari hii Nedelka akaileta sufuria.

“Ni dawa yake ileile, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniambia.”

“Nilikosea, mama, sikukumalizia. Jani hili ni sumu.”

“Sumu au dawa? Sema moja.”

“Ni vyote viwili. Kipimo ndicho kinachoamua.”

Wakati wakisubiri gari la wagonjwa, Tsveta alimalizia. Dawa hii ikiwa kidogo, moyo uliochoka hupiga kwa nguvu na kwa utaratibu. Ikizidi kidogo tu, huuvuruga moyo, na yaweza kuusimamisha. Kiwandani kila kidonge hupimwa. Jani halipimiki kwa jicho: la juani na la kivulini hayalingani. Tena dawa hii hutoka mwilini polepole, kwa hiyo ya jana huikuta ya leo. Kichefuchefu, mapigo kupungua na kuona vitu vya njano ni dalili kwamba imezidi.

“Lakini nililichuma Enyovden,” Nedelka alisema.

“Na kama kweli siku hiyo lina nguvu zaidi, basi ulimzidishia sumu.”

Nedelka aliyafunga majani yaliyobaki katika kitambaa, kama Tsveta alivyomwagiza, ili daktari ayaone, akapanda garini na mumewe.

Mincho alilazwa hadi moyo ulipotulia. Aliporudi, daktari alikuwa amempangia kipimo kipya. Nedelka alijifunza kuhesabu mapigo kabla ya kumpa kidonge. Yakipungua, alikwenda kwanza zahanati kuuliza. Vidonge aliviweka juu ya kabati, mbali na wajukuu. Hakumchemshia jani lolote bila kumwuliza Tsveta. Kisha alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza yaliyompata. Wanawake wawili walipanda darini, wakashuka na mafungu yao ya kastabani, wakayafukia mbali na malisho.

Mwisho wa Septemba plamu ziliiva. Nedelka alitandika shuka chini ya mti, akaenda kuchukua kikapu. Aliporudi alimkuta Mincho ameshapanda ngazi. Hakuwa akihema.

“Shuka, mzee. Watakuja vijana.”

“Plamu ziko huku juu, bibie. Huko chini nikafuate nini?”

Akalishika tawi, akalitikisa. Plamu zikamwagika hadi shuka ikajaa.