Rangi ya Gracia

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu Ruphin, seremala wa mtaa wa Kamalondo, na tangu siku hiyo hagusi tena fremu ya picha.

Mchana mmoja Chancelvie, mchoraji, alimwita amsaidie kutundika picha za maonyesho katika ukumbi usio na madirisha. Picha zake hazina sura ya mtu wala kitu. Ni rangi juu ya rangi, kila mwaka tabaka moja. Ile kubwa ilianzwa na mdogo wake, Gracia, kwa udongo mwekundu. Gracia alipofariki, Chancelvie aliufunika wekundu wake kwa kijani, kisha manjano, na asubuhi ile nyeupe.

"Papa Ruphin, shika ku pembeni tu. Rangi iko mubichi bado. Usiweke chini, naenda kutafuta musumari."

Alipotoka tu, umeme ukakatika.

Ruphin akabaki gizani, mikono yote miwili imeinua ile picha kubwa, uso wake karibu na turubai. Ndipo akasikia: kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru. Ukucha ulikuwa ukiparura, ndani ya picha.

"Chancelvie! Kuya!" akamwita arudi.

Hakuthubutu kuiachia picha. Vitu vikavu vikawa vinamdondokea miguuni, kidogo kidogo.

Umeme uliporudi, Chancelvie alikuwa amesimama mlangoni. Nyeupe ilikuwa nzima, bado mbichi. Lakini yeye alikuwa akitazama viatu vya Ruphin.

"Gracia anafika ku rangi gani?" akauliza taratibu.

Juu ya viatu palikuwa na vumbi jekundu, juu yake magamba ya kijani, na juu kabisa magamba ya manjano.